Mgongo wa Gauni la Mkunga

Siku maji yalipoingia kwenye duka la ushonaji la shangazi yake, Karani hakuwepo. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Miaka mitatu alikuwa akiwazibia watu njia mle dukani kwa makaratasi yake, na siku aliyohitajika, siku moja tu jamani, alikuwa mjini, kakaa kwenye kiti cha kuzunguka mbele ya mhariri, anakunywa maji baridi ya watu.

Jina lake halikuwa Karani, bila shaka. Alibandikwa jina hilo na Fundi Suruali, mzee aliyeshona suruali peke yake na kuapa kwamba gauni hataligusa mpaka anaingia kaburini. Mzee huyo alisema mtu anayeandika kila siku bila kuitwa karani ni mgonjwa, na yeye hataki kufanya kazi chumba kimoja na mgonjwa. Jina likaganda, hata shangazi akalichukua.

Na kuandika kwenyewe hakukuwa kwa kawaida. Karani aliandika amesimama, asubuhi kabla mafundi hawajafika, kwenye meza kubwa ya kukatia nguo, juu ya karatasi pana zilizosalia kwenye mitambo ya kuchapa magazeti. Madaftari, alisema, yanambana pumzi. Akishajaza karatasi moja, aliinakili kwa mwandiko safi kwenye daftari, daftari likaingia kwenye sanduku la bati chini ya meza, na ile karatasi pana ikaenda kwa shangazi. Shangazi alichora juu ya maandishi hayo kwa penseli nyekundu, mkono wa blauzi au mguu wa suruali, akatia mkasi, ikawa karatasi ya kukatia nguo. Zilizokwisha kutumika zilitungwa kwenye misumari juu kabisa, karibu na dari, kila moja ikiwa na jina la mteja wake. Mpango huo ulimfaa kila mtu. Mwenye kuandika alipata meza, mwenye kushona alipata karatasi.

Sasa huko mjini, mhariri, mama mmoja ambaye miwani yake ilining'inia kifuani muda wote hata alipokuwa akiitafuta, alikuwa amesoma sura tatu za mwanzo na muhtasari wa zilizobaki.

"Hii sura ya moto," alisema, akigonga muhtasari kwa kidole. "Hii ndiyo moyo wa kitabu. Nataka kuiona. Niletee kitabu kizima kabla ya mwezi kwisha. Ukichelewa, nafasi nampa mwingine, na wewe utarudi nyuma ya foleni."

Karani akasema ndiyo mama, bila wasiwasi wowote, maana kitabu kilikwisha kuandikwa na kimelala sandukuni. Kilichomsumbua ni hiyo sura yenyewe. Kitabu kilikuwa cha msichana yatima aliyelelewa na shangazi yake fundi cherehani. Katika sura ya moto nyumba inawaka, na shangazi anaokoa vitambaa kwanza. Mtoto anakumbukwa baadaye. Karani aliiandika wiki ile ambayo shangazi wa kweli, dada wa baba yake, aliyemlea tangu ana miaka sita, alikosa kuja kwenye mahafali yake kwa sababu ya sare za wasimamizi wa harusi ya watu. Hasira ilikwisha zamani. Sura ilibaki, na kwa bahati mbaya ilikuwa nzuri kupita zote.

Mto wa nyuma ya soko ulivunja kingo saa nane mchana. Barabara zikafungwa, simu zikanyamaza. Karani alifika kesho yake asubuhi kwa miguu, viatu mkononi, tope mpaka magotini, roho juu. Mtaani alikuta magodoro yamelala juu ya paa za vibanda na friji moja katikati ya njia, mlango wazi. Dukani mstari wa maji ulikuwa umepita juu ya dirisha.

Shangazi alikuwa ghorofani ng'ambo ya uchochoro, kwenye kibaraza cha jirani yao nesi mstaafu, mguu mmoja umefungwa bendeji, kakalia sanduku la bati.

"Huyo hapo!" Fundi Suruali alipiga kelele. "Njoo umtoe shangazi yako kwenye hilo sanduku. Tangu jana tumemletea kiti, hataki. Tumemletea godoro, hataki. Kalikalia kama kuku."

"Mwanangu umefika," shangazi alisema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Nimekuokolea kitabu chako."

Fundi Suruali ndiye aliyesimulia, maana shangazi hakuwa mtu wa kujisifu. Maji yaliingia kwa fujo, alisema, hayakubisha hodi. Nguo za wateja zaidi ya thelathini zilikuwa zimetundikwa kwenye bomba la chini, zimepigwa pasi, za kuchukuliwa Jumamosi. Yeye akamwambia, mama, nguo! Mama akasema, nguo nitashona nyingine. Akazama chini ya meza, mzima mzima, akaibuka na sanduku, akaliweka kichwani. Maji yakiwa kifuani alivuka uchochoro mpaka kwenye ngazi. Ubao ukampiga mguuni, hakulitua. Nguo zote thelathini na zaidi zilipita mbele yake zikielea, na moja ilikuwa ya bibi harusi.

"Mimi nilijua amechanganyikiwa," Fundi Suruali alisema. "Namjua miaka ishirini. Huyu mama kitambaa kikidondoka chini anakipa pole."

Karani alitua viatu vyake. Aliinama, akafungua vitasa viwili vya sanduku, akainua kifuniko.

Ndani mlikuwa na vifungo. Vifungo, zipu, mpira wa kiuno, na mabobini ya nyuzi za rangi zisizonunuliwa na mtu.

Masanduku yalikuwa mawili, mapacha, yametengenezwa siku moja na fundi bati mmoja. Yalikaa ubavu kwa ubavu chini ya meza. Mwenye kupiga mbizi kwenye maji ya tope angejuaje?

Shangazi aliangalia mle ndani kama mtu anayeangalia mahali alipoegemeza baiskeli akakuta hapana kitu. Kisha akavua kitambaa chake cha kichwa, akajifunika uso, mabega yakaanza kumtikisika. Miaka kumi na minane Karani aliyoishi naye hakuwahi kumwona akilia. Akasahau hasira aliyokuwa anataka kuipata. Akapiga magoti pale pale na tope lake, akamkumbatia.

"Ahsante shangazi," alisema. "Ahsante. Ahsante sana."

"Usinishukuru, nimekuokolea zipu."

Sanduku la madaftari walilikuta chini ya meza, limejaa maji. Madaftari kumi na moja yalikuwa yamegeuka uji wa buluu. Karani aliingiza mkono, akautoa, akaangalia wino ukimtiririka kwenye kiwiko. Kitabu cha miaka mitatu. Zilibaki siku kumi na nane mwezi kwisha.

Wiki ya kwanza hakukuwa na nafasi ya kuomboleza, na kwa hilo pia Karani alishukuru. Walitoa tope kwa makoleo, halafu kwa mifagio, halafu kwa vijiko, maana tope lina tabia ya kujificha kwenye droo. Vichwa vya cherehani vilifunguliwa vyote, kila skrubu ikalowekwa kwenye mafuta ya taa, zikasuguliwa kwa mswaki. Wateja walikuja kugomba kuhusu nguo zao. Mmoja alikuja anafoka tangu mlangoni, akaona mstari wa maji ukutani, akaona shangazi anachechemea na ndoo, akanyamaza. Baada ya robo saa alikuwa amekunja mikono ya shati anasugua sakafu, huku akijifanya bado kakasirika. Bibi harusi mwenyewe alikuja, akalia kidogo, kisha akauliza kama cherehani yoyote inafanya kazi na kama kitambaa cha pazia kinaweza kugeuzwa kuwa kitu. Mungu awabariki watu wa namna hiyo, wapo wengi kuliko tunavyosema.

Siku ya nane Fundi Suruali alipanda kwenye kiti, akatungua karatasi ya kukatia suruali ya mwalimu mkuu ili aishone upya. Akaitandaza mezani. Akainamia. Akakunja uso.

"Karani! Huyu mwanamke alimwambia nini mumewe?"

"Mwanamke gani?"

"Huyu wa kwenye paja la mwalimu mkuu. Imeandikwa, 'Akamgeukia mumewe, akamwambia,' halafu maneno yamekatika kwenye mfuko."

Karani aliacha mswaki ukaanguka kwenye mafuta ya taa. Akatazama juu. Kwenye misumari karibu na dari, juu kabisa ya mstari wa maji, vishada vya karatasi vilining'inia vikavu, mikono, migongo, kola na viuno, na kila kimoja kimejaa mwandiko wake. Alikuwa amefagia chini yake wiki nzima. Wote walikuwa wamefagia chini yake! Watu wanaotazama kitambaa siku zote hawaoni karatasi, na mwandishi, ambaye kazi yake yote inasemekana ni kuona, alikuwa anatazama tope.

Alipiga ukelele mpaka nesi mstaafu akachungulia kutoka ghorofani kuuliza nani kafa.

Raha hiyo haikudumu, maana karatasi zile hazikuwa na namba. Nani angeweka namba kwenye kitu cha kukatwa? Zilikuwa zaidi ya mia mbili, zimekatwa kila umbo, na mwanzo wa sentensi ulikuwa kwenye bega la mtu mmoja wakati mwisho wake uko kwenye kiuno cha mwingine. Karani alizitandaza sakafuni, akazitazama, moyo ukaanza kumfa tena.

"Ondoka hapo unazikanyaga," shangazi alisema. Akavuta kigoda, akanyoosha mguu mbovu, akavaa miwani. "Ulikuwa unanipa kwa mfuatano?"

"Kwa mfuatano. Kila nikimaliza."

"Basi mimi nilikata kwa mfuatano. Huyu mke wa dereva nilimshonea kabla hajapata mimba ya pili. Huyu ni baada ya mimba. Hii blauzi ya mwimbaji ilikuwa mwezi wa mvua, alikuwa anakohoa, nikampunguzia kola. Weka hapa. Hii hapa. Hiyo usiiguse."

Kwa siku mbili shangazi alipanga kitabu kizima kwa mimba, misiba, harusi na watu walionenepa. Hakukosea zaidi ya mara tatu. Karani alimwangalia akapata aibu. Miaka yote alidhani yeye ndiye mwenye kumbukumbu katika nyumba ile.

Kisha kazi ikaanza kweli. Kila siku saa tisa, mguu wa shangazi ukishachoka kukanyaga cherehani, yeye alisoma kwa sauti na Karani akanakili kwenye daftari jipya. Shangazi alisoma mapenzi na vifo kwa sauti ile ile anayosomea vipimo. Kwenye kwapa na shingo maneno yalikuwa hayapo, kwa sababu vipande vilivyokatwa vilikwisha kutumika siku nyingi kuwashia pasi ya mkaa, na hapo Karani alikumbuka au akabuni. Fundi Suruali alitoa msaada ambao hakuombwa. Kila palipokosekana neno, yeye alisema, "Andika, akampiga kofi." Fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye shangazi alikuwa hasemi naye tangu alipomwibia mtindo wa kola, alikuja na karatasi za magauni matatu alizowahi kuazimwa kabla ya ugomvi. Zilikuwa sura ya tisa nzima. Alizikabidhi kwa adabu, akasitasita mlangoni.

"Samahani mama. Yule kijana wa kwenye hizi karatasi alirudi nyumbani, au ndiyo basi tena?"

"Kaa chini usikilize," shangazi alisema. Akakaa, na siku zilizofuata akaja na kigoda chake.

Lakini Karani alikuwa anahesabu sura. Kumi na mbili, kumi na tatu. Ya kumi na tano ilikuwa ya moto. Alifikiria sauti ile kavu ya shangazi ikisoma, mbele ya watu, jinsi shangazi wa kitabuni alivyomsahau mtoto. Shangazi mwenye pini mdomoni. Shangazi anayekipa pole kitambaa. Kipofu angemtambua. Na huyu wa kweli bado alikuwa anachechemea.

Asubuhi moja kabla watu hawajaja, akapekua kishada. Sura ya moto ilikuwa kwenye gauni la mkunga. Mkunga alikuwa mwanamke mpana, mwenye kukaa kwenye benchi likaonekana fupi, na mgongo wake ulichukua karatasi karibu nzima. Pale ndipo yalipokuwa maneno yenyewe. Karani aliukunja mgongo ule, akautia kifuani ndani ya blauzi. Akakaa na daftari, akaiandika upya sura ile kwa adabu. Shangazi akamwokoa mtoto kwanza, tena mbio. Moto ukawa mdogo. Alipomaliza akaisoma, na ilikuwa kama chai iliyosahauliwa mezani. Mhariri angeiona mara moja. Zilikuwa zimebaki siku tano.

Saa tisa shangazi alipanga karatasi mbele yake.

"Gauni la mkunga. Mbele kulia, mbele kushoto, mikono miwili, kola." Akainua kichwa. "Mgongo uko wapi?"

"Labda ulichukuliwa na maji."

"Maji yalifika darini?"

Karani aliinamia daftari. Ile karatasi ilikuwa inamkwaruza kifuani kila alipovuta pumzi.

"Mimi nimeiandika upya hiyo sura," alisema mwishowe. "Ipo hapa. Tuendelee."

"Soma."

Akasoma ukurasa mmoja. Fundi wa ng'ambo akapiga mwayo, akajifanya anakohoa. Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Mwanangu, leta mgongo."

Akautoa, umekunjika na una jasho. Shangazi hakuupokea.

"Huo soma mwenyewe. Mimi leo sauti imenikwama."

Basi akasoma. Alisoma amesimama, kama alivyouandika.

"'Shangazi akatoka katikati ya moshi na majora mawili begani, akayatua majanini. Akarudi, akatoka na mengine mawili. Aliyahesabu. Akayahesabu tena. Ndipo akanyoosha mgongo, akatazama huku na huku, akauliza mtoto yuko wapi.'"

Fundi Suruali aliinuka, akaenda kuangalia mkaa wa pasi, ambayo haikuwa imewashwa. Fundi wa ng'ambo alitazama viatu vyake.

"Majora mawili begani," shangazi alisema. "Na anakimbia?"

"Ndiyo."

"Haiwezekani. Jora moja lina uzito wa mtoto wa miaka mitatu. Mtu anayekimbia anabeba moja, tena kwapani. Rekebisha hapo, usije ukachekwa na mafundi."

"Shangazi—"

"Niliisoma karatasi hiyo mwaka jana, kabla sijatia mkasi. Niliisoma mara mbili."

Karani aliishusha ile karatasi. "Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Mahafali yako sikuja." Aliunyoosha mguu wake mbovu. "Niliambiwa ulikuwa umekaa mstari wa mbele, na kiti cha pembeni yako ulikiwekea mkoba. Nililia, lakini nililia bafuni. Halafu nikaja kukata gauni la mkunga." Akanyoosha kidole. "Angalia kwapa."

Karani aliangalia, na akaona alichokuwa amekikodolea macho tangu asubuhi bila kukiona. Kila karatasi nyingine ya kitabu kile ilikuwa imeliwa na mkasi penye kwapa na shingo. Huu mgongo mkasi ulikuwa umezunguka. Umefika kwenye mstari wa kwanza wa maandishi, ukakata kona, ukashuka ukingoni mwa karatasi, ukapandia upande wa pili. Hakuna neno hata moja lililokosekana.

"Sikuweza kuikata," shangazi alisema. "Ilikuwa imeandikwa vizuri mno. Gauni likatoka bovu. Mkunga mpaka leo analalamika kwapa linampwaya, nami namwambia ndiyo mtindo."

"Kwa hiyo ulijua." Karani alikuwa ameanza kulia na hakujali nani anaona. "Siku ya mafuriko. Ulijua ndani ya sanduku mna nini kuhusu wewe, na bado ukaacha nguo zote za watu ukalibeba."

"Nilibeba vifungo," shangazi alisema.

Fundi Suruali alishindwa. Alicheka akiwa kaishika pasi baridi, fundi wa ng'ambo akafuata, na shangazi mwenyewe akacheka mpaka akaushika mguu wake mbovu. Karani alicheka na kulia kwa wakati mmoja, jambo ambalo halipendezi usoni mwa mtu yeyote. Alikwenda akakaa sakafuni karibu na kile kigoda, akamwegemea shangazi gotini kama alipokuwa na miaka sita.

"Ahsante," alisema. "Sijawahi kukuambia sawasawa. Ya sanduku, na ya hii, na ya yote. Na ile sura niliiandika nikiwa na hasira. Si kweli."

"Kidogo ni kweli," shangazi alisema, akimchomoa uzi kwenye nywele. "Iache ilivyo. Mimi nina mdomo, nikitaka kujitetea nitajitetea. Haya, inuka, kuna mikono ya mkunga bado hatujaisoma, na huyu bwana wa ng'ambo ana cherehani yake kaiacha wazi."

Karani aliinuka, akajifuta uso, akafungua ukurasa mpya. Alinakili mgongo wote bila kupunguza neno, na jora akaliweka kwapani. Kitabu kilifika kwa mhariri siku mbili kabla ya mwezi kwisha.